Nilijaza ritani yangu ya kodi mwenyewe, sasa ya baba imekataliwa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, nasoma mwaka wa pili chuoni Lubbock, Texas. Wazazi wangu ni watu wa Kilifi. Tulipata green card kwa bahati nasibu, tukahamia Fort Worth nikiwa na miaka 12. Baba hutunza wazee zamu ya usiku, mama hupika katika shule ya msingi. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 14.

Mwaka jana wa 2025 nilifanya kazi kwelikweli. Wakati wa likizo nilikuwa ghalani usiku, nikapata dola 7,400. Masomo yalipoendelea nilikuwa kantini ya chuo, dola 4,200. Mwezi wa kwanza W-2 zote mbili, zile karatasi za mwajiri za mshahara na kodi, zilipofika, mwenzangu wa hosteli aliniambia: "Umeshapita miaka 18, unafanya kazi, mbona bado unaandikwa kwenye ritani ya babako? Jaza yako, ujiandike mwenyewe." Nikajaza kwa simu. Palipoulizwa kama kuna mtu anayeweza kuniandika kama mtegemezi wake, nikajibu hapana. Kabla mwezi wa pili haujaisha nilikuwa nimerudishiwa dola 640, yaani kodi yote niliyokatwa. Mjomba, nilijisikia mtu mzima.

Wiki mbili zilizopita baba alipeleka ritani yake na mama. Mtandao ukaikataa. Anayemjazia akamwambia kwamba namba ya Social Security ya bintiye imeshatumika kwingine. Baba akadhani nimeibiwa, akanipigia usiku akiwa kazini, sauti inatetemeka. Ikabidi nimwambie ni mimi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo umenikana." Akakata simu. Tangu hapo salamu zake zinapitia kwa mama.

Mimi sikumkana. Lakini pia nimechoka kuitwa mtegemezi. Katika mshahara wangu kama dola 7,000 nimejilipia mwenyewe: sehemu ya hosteli, simu, nguo, nauli. Nimeweka akiba 3,000. Bibi yangu Kilifi nimemtumia 1,500 kwa mwaka mzima. Baba naye, nisidanganye, amechukua mkopo kwa jina lake kulipia hosteli, na pengo la karo amelilipa yeye. Karatasi ya chuo ya 1098-T inasema karo ilikuwa 11,200 na ufadhili 8,900. Vitabu vilinigharimu 700. Mama amenitumia picha za W-2 zao, jumla yao ni 58,000.

Je, nimevunja sheria? Wazazi wanajiandaa kuomba uraia, naogopa nimewaharibia. Zile 640 nitarudisha? Mwenzangu anasema pia kwamba nikikaa nje ya ritani ya baba, FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, itanipa msaada mkubwa zaidi; ni kweli? Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: mwaka jana nilisuka wasichana nywele pale hosteli, nikapata kama dola 2,100 taslimu, na 600 zilikwenda kununua nywele za kusukia. Hizo sikuziandika popote.

Baba hataki kuongea nami. Nifanye nini?

Binti wa Lubbock

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Aprili, mimi huketi jioni mbili za wiki katika maktaba ya mtaa nikiwajazia watu ritani bila malipo, chini ya VITA, mpango wa kujitolea wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kisa chako hukaa mbele yangu kila msimu, mara kwa lahaja ya Bukavu, mara ya Nairobi, mara ya Tanga. Baba upande huu wa meza, mtoto upande ule, na kati yao karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisoma mpaka mwisho. Kwa hiyo nianze na karatasi, maana ugomvi wenu umetoka humo.

Kisanduku ulichokijibu hakikukuuliza kama baba atakuandika. Kilikuuliza kama kuna mtu *anayeweza* kukuandika. Tofauti ya maneno hayo ndiyo kesi yote. Kama sheria inampa baba haki ya kukuandika, jibu lako ni ndiyo hata kama mwaka huo yeye ameamua kutokuandika. Hujaulizwa matakwa yako. Umeulizwa hali yako ilivyo.

Na hali yako ilivyo, nimeipima. Sheria ya kodi ya Marekani inamhesabu mtoto kuwa wa mzazi mpaka afike miaka 19, au miaka 24 ikiwa ni mwanafunzi wa muda kamili (full-time), na "muda kamili" maana yake amesoma hivyo katika sehemu yoyote ya miezi mitano ya mwaka. Wewe umesoma zaidi ya hapo. Anatakiwa awe ameishi na mzazi zaidi ya nusu ya mwaka. Lakini kukaa hosteli kwa ajili ya masomo huhesabiwa kama safari ya muda, kwa hiyo kwa macho ya IRS ulikuwa Fort Worth mwaka mzima. Miaka 18 aliyokutajia mwenzako ni umri wa kupiga kura. Kwenye swali hili haina kazi.

Linabaki sharti ambalo watoto wengi hulikosea, na wewe umelikosea kwa sababu ya uchungu. Sheria haiulizi kama unafanya kazi, wala haiulizi umepata kiasi gani. Mtoto wa namna yako angeweza kupata dola 30,000 na bado akaandikwa. Inauliza hivi: katika gharama zote za kukuweka wewe hai na shuleni kwa mwaka ule, je, zaidi ya nusu umelipa wewe? Ufadhili wa masomo hauingii katika hesabu hiyo. Akiba haiingii, kwa kuwa pesa iliyokaa benki haijamlisha mtu. Pesa ulizomtumia bibi haziingii, hizo zimemtunza yeye. Kodi uliyokatwa nayo haiingii.

Nimefanya hesabu kwa kukadiria pale ambapo hukunipa tarakimu. Hosteli na chakula cha chuo, tuseme 11,000. Pengo la karo ni 2,300. Vitabu 700. Chumba chako nyumbani wakati wa likizo, pamoja na chakula, maji na umeme, tuseme 3,000. Bima ya afya, simu, nguo na nauli, 3,500. Jumla ni 20,500, na nusu yake ni 10,250. Wewe umelipa kama 7,000, na ukiongeza vitabu juu yake bado hufiki. Ni nyingi, mpwa wangu. Binti wa miaka 20 anayelipa theluthi ya maisha yake kwa kubeba maboksi usiku anastahili heshima. Ila si zaidi ya nusu. Kinachoweza kugeuza hesabu hii miaka ijayo ni mikopo: mkopo wa masomo ulio kwa jina lako mwenyewe huhesabiwa kuwa pesa yako. Ule wa baba ni pesa ya baba. Rudieni hesabu kila Januari, na Publication 501 ya IRS ina jedwali la kuifanyia.

Sasa nikuonyeshe jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu namna hii.

Kwa kujiandika mwenyewe umepata nini? Nimetafuta, sikuona hata senti. Zamani palikuwa na kiasi ambacho mtu alikatiwa kwenye mapato yake kwa kujihesabu mwenyewe. Tangu mwaka wa kodi wa 2018 kiasi hicho ni sifuri. Zile 640 zimerudi kwa sababu mapato yako ni madogo kuliko kiwango kisichotozwa kodi, basi. Mtu asiye na ndoa mwaka 2025 hatozwi kodi ya mapato kwenye dola 15,750 za mwanzo. Aliyeandikwa na mzazi, kiwango chake ni mapato yake ya kazi kuongeza dola 450, ilimradi asipite 15,750 hizohizo. Wewe ulipata 11,600 za mshahara. Ungejibu ndiyo kwenye kile kisanduku, kodi yako bado ingekuwa sifuri na 640 zako zingerudi zilevile. Mtoto anaweza kujaza ritani yake, akarudishiwa pesa zake, na papo hapo akaandikwa na wazazi wake. Hayo mawili hayagombani. Laiti jambo hili lingebandikwa kwenye mlango wa kila hosteli.

Na wazazi wako wamekosa nini? Keti kwanza.

Kuna nafuu ya kodi ya dola 500 kwa kila mtegemezi aliyepita umri wa mtoto mdogo. Hiyo imekwenda. Kuna nafuu ya masomo iitwayo American Opportunity Tax Credit, ya miaka minne ya kwanza ya chuo: inarudisha dola 2,000 za mwanzo za karo na vitabu kikamilifu, na robo ya dola 2,000 zinazofuata. Pengo lako la karo 2,300 na vitabu 700 ni 3,000, kwa hiyo ni dola 2,250. Usiseme vitabu ulilipa wewe: mtoto akiandikwa na mzazi, karo na vitabu alivyolipa huhesabiwa kwamba mzazi ndiye aliyelipa. Wewe mwenyewe usingeweza kufaidi nafuu hiyo. Huna kodi ya kuipunguza, na ile sehemu inayolipwa taslimu hapewi mwanafunzi wa chini ya miaka 24 aliye katika hali yako. Yaani kwako inakufa, kwa baba inaishi.

Halafu Earned Income Tax Credit, ile inayowasaidia wafanyakazi wa kipato cha chini. Kwa wanandoa wenye mtoto mmoja, mwaka 2025 mlango unafungwa kwenye dola 57,554. Wazazi wako wana 58,000. Wakimwandika mdogo wako peke yake wanakosa yote kwa sababu ya dola mia nne na kitu. Wakikuandika na wewe mnakuwa watoto wawili, mlango unasogea hadi 64,430, na kwa hesabu yangu wanapata kama dola 1,350.

Jumlisha. Inapita dola 4,000. Huo ni mshahara wa baba yako wa usiku mwingi sana, mpwa wangu, na wewe hukufaidi chochote. Sikwambii ili ulie. Nakwambia kwa sababu nadhani hakuna mtu aliyewahi kukufungulia daftari akakuonyesha namba yako inaingiza nini katika nyumba ile. Ungejua, usingebonyeza "hapana" saa sita za usiku ukiwa kitandani.

Swali lako la sheria: umekosea, hukuiba. Makosa haya ni ya kila siku na yana fomu yake, 1040-X, ya kusahihisha ritani iliyokwisha kupokelewa. Unaweza kuituma kwa mtandao. Utaweka alama kwamba kuna mtu anayeweza kukuandika, na mahali pa maelezo utaandika kwa maneno mawili matatu kwamba ulikijibu vibaya kisanduku cha mtegemezi. IRS huchukua wiki 8 hadi 12 kuishughulikia, pengine hata 16, kwa hiyo baba asikae kuingoja.

Baba afanye hivi. Kama yeye na mama wanaweza kupata IP PIN, ile namba ya siri ya tarakimu sita inayotolewa kwenye tovuti ya IRS, wajaribu tena kwa mtandao. Tangu msimu wa 2025 IRS imeanza kupokea ritani zenye mtoto aliyekwisha kuandikwa kwingine, ikiwa mwenye ritani ameweka namba hiyo. Ikikataliwa tena, wachape ritani ileile, waambatishe W-2 na waipeleke kwa posta, kwa njia inayotoa risiti, kabla ya Jumatano ya tarehe 15 Aprili. Karatasi haikataliwi na kompyuta. Itachelewa tu. Asikubali ushauri wa kukufuta kwenye ritani ili ipite haraka. Najua wajazaji wengine hupendelea hivyo kwa kuwa wanataka ada yao leo, lakini mwenye kupoteza dola 4,000 si wao.

Mkiliacha lilivyo, baba akikuandika na wewe usisahihishe, IRS inaweza kuwatumia barua ikiwauliza nani kati yenu amekosea. Barua hiyo ikifika kwa mtu anayeomba uraia, nyumba nzima hailali. Fomu ya uraia, N-400, huuliza kama mwombaji aliacha kupeleka ritani kwa kujihesabu kuwa si mkazi wa Marekani, na kama ana deni la kodi lililopita muda. Haiulizi kama bintiye aliwahi kubonyeza pasipofaa. Wazazi wako wana ritani za kila mwaka na hawadaiwi. Kosa ni lako, na unalisahihisha kabla hujaulizwa. Wakiwa na wasiwasi bado, waende kwa wakili wa uhamiaji na nakala za ritani mkononi, wasiende kwa mtu wa kanisani au msikitini aliyesikia kwa mwingine.

FAFSA ni kitu kingine kabisa, na hapa mwenzako amekupotosha. FAFSA haijali nani kakuandika kwenye kodi. Kwake wewe ni wa wazazi wako mpaka ufike miaka 24, au uolewe, au uwe na mtoto unayemtunza, au uwe umetumikia jeshi, na mambo mengine machache ya aina hiyo kama yatima na waliolelewa na serikali. Ungejiandika mwenyewe miaka mitatu mfululizo, bado ingedai mapato ya baba na mama.

Tuje kwenye nywele.

Nafurahi umeniambia. Ukweli wake hautakupendeza: kipato cha kujiajiri kikifika dola 400 baada ya kutoa gharama, ni lazima kiandikwe, na kina kodi yake ya asilimia 15.3, ambayo ni ile ya Social Security na Medicare, yaani mafao na matibabu ya uzeeni, ambayo kwenye ajira mwajiri hulipa nusu. Kile kiwango kisichotozwa hakiigusi kodi hii. Ulipata 2,100, ukatumia 600, faida ni 1,500. Kodi yake inafika kama dola 212. Kwa kuwa unafungua 1040-X hata hivyo, ziweke humo sasa, na ulipe kabla ya 15 Aprili ili riba isianze kuhesabiwa. Hivyo katika zile 640 utabaki na kama 428. Kuhusu kodi ya mapato, usiogope, hata na faida ya nywele bado ni sifuri.

Wengi watakwambia taslimu haionekani, nyamaza. Mimi siwezi kukushauri hivyo. Utatia sahihi chini ya tamko kwamba uliyoandika ni kweli, na wewe ndiye utakayeishi na sahihi yako. Tena kodi hiyo si pesa iliyopotea, maana inaingia kwenye hesabu yako ya Social Security ya uzeeni. Ila mwaka huu nunua daftari. Kila kichwa unachosuka, tarehe na kiasi. Kila pakiti ya nywele, kila chanuo, risiti yake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kodi hasara yake ni kwamba gharama usiyoweza kuionyesha inageuka kuwa faida uliyotozwa. Gharama zako halisi pengine zilizidi hizo 600. Tafuta kwenye simu yako, malipo ya dukani yamo.

Pesa za bibi nimezigusa juu juu, na najua baba naye humtumia, kwa hiyo niseme: mzazi aliyeko Kilifi haandikiki. Mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Nimeona watu wetu wakiandika wazazi na wapwa walioko nyumbani kwa moyo safi kabisa, kwa sababu kweli wanawalisha, na baadaye wanatakiwa kurudisha kila kitu na riba. Na kama mwenzako wa hosteli amekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, akiwa na wazazi Dar es Salaam, asifuate lolote katika barua hii. Katika miaka yake mitano ya mwanzo yeye hujaza 1040-NR na Fomu 8843, na sheria zake ni nyingine.

Limebaki neno "mtegemezi". Umeandika kwamba limekuchosha. Nalielewa, kwa kuwa kwa Kiswahili chetu mtegemezi ni mtu aliyeegemea, na wewe hujaegemea mtu, umesimama usiku kucha ghalani. Lakini katika fomu ile neno hilo ni matokeo ya hesabu tuliyoifanya hapo juu, nusu ya gharama na umri wa miaka 24. Halisemi kitu juu ya utu uzima wako. Baba naye alilisikia neno lingine. Aliposikia umejitoa kwenye ritani yake, hakusikia habari za IRS. Alisikia kwamba binti aliyemleta nchi hii akiwa na miaka 12 amefuta jina la baba yake. Ninyi wawili mmeumizwa na fomu ya kurasa mbili.

Kwa hiyo usimtumie ujumbe wa maandishi, na usimpitishie mama. Anarudi kazini asubuhi; mpigie kabla hajalala. Anza na, "Baba, nimekosea, na nimeshajua namna ya kurekebisha." Mwambie zile dola 4,000 bado zinaweza kupatikana. Akinyamaza, mwache anyamaze, usikate wewe. Halafu mwambie la ghalani, ule uchovu, na kwamba ulitaka tu mtu aone kuwa umekua. Nadhani hajui.

Na wewe shemeji, akikusomea haya, niwie radhi nikiingia nyumbani kwako kwa mlango wa gazeti. Binti amekosea, lakini mwezi wa kwanza hukumpigia kumwuliza kama anajaza. Namba yake umeitumia miaka yote hii, na hajawahi kuiona karatasi. Ana miaka 20, ana W-2 mbili, ana kazi ya mikono yake. Mwekee ritani mezani, mwonyeshe mstari kwa mstari jina lake linaleta nini na pesa hiyo inakwenda wapi. Pesa za nafuu ya masomo zimetokana na vitabu alivyonunua yeye pia. Ukimrudishia zile 700, sheria haikulazimishi, lakini mimi kama mjomba wake nitafurahi sana.

Mambo ya mwisho ni madogo, ila ndiyo huwarudisha watu posta mara ya pili. Mkituma kwa karatasi, ritani ya wanandoa inataka sahihi mbili, ya baba na ya mama. Chapeni nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Na wewe, kabla ya kutuma 1040-X, hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, si kama wanavyokuita nyumbani.

Mjomba wako